Koti la Dirishani

Haya, nimerudi. Wiki nzima nimesemwa na wasomaji kwamba nimewaacha mlangoni mwa zahanati kama wadai. Mmoja ameniambia hata chakula hakikupita. Pole yake. Leo mlango unafunguka, ila msije mkanilaumu kwa yaliyomo ndani.

Tuliishia hapa. Nesi wetu, ambaye eneo zima linamwita Sista, ameteremka kwenye pikapi ya kubebea mchanga. Gauni lake lina damu kuanzia kiunoni mpaka magotini, na damu yenyewe si yake. Jua liko utosini. Kwenye kibaraza cha zahanati, juu ya kiti cha Sista mwenyewe, amekaa mwanamume aliyefunga tai, na mkononi ameshika lile koti jeupe ambalo Sista aliliacha likining'inia dirishani.

"Hili koti la nani?" mwanamume akauliza.

"Langu."

"Na wewe ni nani?"

Kitambulisho cha mgeni kilikuwa kifuani, na nembo yake Sista aliijua vizuri mno. Huyu alikuwa mkaguzi wa mpango wa kuwalipia wauguzi mikopo ya chuo.

Kwa aliyeingia leo nitasema mara moja tu, sirudii. Sista alisomea uuguzi kwa mkopo, na dhamana ya mkopo ni nyumba ya mama yake. Mpango huo unasema hivi: muuguzi akikubali kukaa miaka mitatu kwenye kituo ambacho wenzake wanakikimbia, mkopo wake unalipwa wote. Lakini mkaguzi akifika akakuta kituo hakina nesi, miaka inafutwa na anaanza upya. Miaka ya Sista inaisha mwezi huu. Na juzi kaka yake alipiga simu kusema watu wa mnada wamekwisha kuipiga nyumba ya mama alama ya X nyekundu, ukutani, karibu na dirisha la jikoni.

Basi. Turudi kibarazani.

"Mimi ndiye nesi wa hapa," Sista akasema. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka chooni?"

Sista alidhani hakusikia vizuri. "Chooni?"

"Mhudumu wako kaniambia uko chooni. Nimefika asubuhi, uko chooni. Nimekaa, nimeuliza tena, bado uko chooni, tumbo limekuchafuka. Jua limepanda mpaka hapo lilipo. Umri wangu huu wote sijaona tumbo la namna hiyo."

Mlangoni alisimama mhudumu wa usafi, mama wa makamo ambaye watu walimbandika jina la Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Leo alikuwa kimya. Ameukumbatia ufagio, anatazama vidole vya miguu yake.

"Redio," Sista akasema taratibu. "Umemwambia nini huyu baba?"

"Nimemwambia uko chooni."

"Kwa nini?"

"Si wewe mwenyewe ulisema? Ulisema mkaguzi akija asikukute, umekwisha, na nyumba ya mama imekwisha. Sasa ningemwambia nini? Nikaona chooni ndiko mwanamume hawezi kukufuata."

Mkaguzi hakucheka. Alilinyanyua lile koti kwa vidole viwili.

"Na hili je? Nimeliona nikiwa kwenye gari, nikasema afadhali, nesi yupo. Kumbe ni sanamu la kufukuzia ndege. Mmenitegeshea."

"Hiyo ni ishara ya wagonjwa, baba," Sista akasema. "Niko peke yangu hapa. Nikitoka kwenda kumchoma mzee sindano nyumbani kwake, mtu anafika anakuta mlango umefungwa, anarudi alikotoka na ugonjwa wake. Ndiyo nikaanza kutundika koti la akiba. Koti likiwepo, Sista yupo au yuko karibu, subiri. Dirisha likiwa tupu, usipoteze muda, nenda kituo cha ng'ambo ya bonde. Hata mtoto mdogo anajua."

"Na leo ulikuwa karibu?"

Na hapa niwaambie jambo ambalo wiki jana niliwaficha, maana na mimi nina tumbo na hadithi ndiyo shamba langu.

Kila anapompeleka mgonjwa hospitali kuu, Sista hulitoa lile koti. Ni mbali, harudi upesi. Leo alfajiri pikapi ikiwa inapiga honi, alinyoosha mkono kulitoa. Akalishika. Halafu akakumbuka kwamba siku hizi mbili kuna maneno yanapita kuwa mkaguzi yuko njiani. Akaiona ile X karibu na dirisha la jikoni. Akaliacha koti mahali pake, akajiambia atawahi kurudi.

Kwa hiyo mkaguzi hakukosea sana. Endeleeni kumpenda Sista, mimi mwenyewe nampenda, ila mlijue hilo.

"Ulikuwa wapi?" mkaguzi akauliza.

"Usiku jirani aliniletea mama mwenye uchungu. Kufika alfajiri, mkono wa mtoto umetangulia. Hilo si la zahanati, baba, hilo ni la kisu. Gari la wagonjwa nimelipigia simu, nikaambiwa liko gereji. Nikaenda barabarani nikasimamisha pikapi ya mchanga. Nimepiga magoti kule nyuma njia nzima, nimemshika."

"Maneno hayo kila mtu anayo."

"Ngoja niipigie hospitali, basi."

Sista akatoa simu yake, akabonyeza namba, akaiweka kwenye sauti kubwa ili mkaguzi asije akasema amepangiwa. Iliita sana. Hatimaye akapokea daktari wa zamu, kwa sauti ya mtu aliyesimama tangu jana.

"Yule wa mkono? Tumemfanyia upasuaji. Yuko hai, na mtoto yuko hai. Mngechelewa kidogo tungeongea mengine. Nani nesi aliyemleta?"

"Mimi, daktari."

"Umefanya kazi, dada. Bado ana usingizi wa dawa. Akizinduka vizuri nitamwambia akupigie kwa namba hii, maana hata akiwa nusu usingizi anakutaja wewe tu."

Simu ikakatika. Mkaguzi akalegeza tai.

"Kumsindikiza mgonjwa wa dharura ni kazi," akasema. "Kanuni inaruhusu. Mhudumu wako angeniambia ukweli tangu asubuhi, ningekunywa maji nikaenda zangu."

Sista akajikalia kwenye ngazi, na gauni lake la damu, akauficha uso mikononi. Alikuwa anaiona nyumba. Alimwona mama yake na ndoo ya chokaa, anaifuta ile X huku analaani ukoo mzima wa watu wa mnada. Alicheka na kulia kwa pamoja, asijue aanze na kipi.

"Nilisema mimi," Redio akaanza. "Nilisema huyu baba ana sura ya huruma."

"Ila kanuni ina mkia," mkaguzi akasema.

Sista akainua kichwa.

"Ruhusa hiyo inafaa tu kama hakuna mgonjwa mwingine aliyepata madhara kituo kikiwa hakina nesi. Akiwepo, unachunguzwa, na miaka inaanza upya. Ni swali moja tu, najua kituo chenyewe ni kidogo. Kuna yeyote?"

"Hakuna," Sista akasema, akamgeukia Redio. "Si ndiyo?"

Redio akazimika tena.

"Redio. Kuna mgonjwa aliyekuja?"

"Yule bibi."

"Bibi gani?"

"Yuko upande wa nyuma. Chini ya dirisha, penye kivuli. Ana mtoto."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi." Redio akaubana ufagio kifuani. "Alikuja akaniuliza, Sista yupo? Na huyu baba amekaa hapa, masikio yake yote yako kwangu. Ningesema haupo ningekuua. Nikamwambia yupo, kaa usubiri. Halafu huyu baba akanishika na maswali yake, kila nikitaka kwenda kumtazama ananiita."

Sista hakungoja. Alizunguka jengo mbio, kandambili moja ikabaki njiani.

Bibi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kichwa chake chini ya dirisha la nyuma. Alikuwa mtu wa heshima zake, amejifunga vizuri, hana haraka. Mapajani amelaza mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno, amefunikwa shuka mpaka shingoni.

"Sista," bibi akasema, akatabasamu. "Umeshamaliza na mwanangu?"

Sista hilo hakulisikia. Alikuwa ameshafunua shuka. Mwili wa mtoto ulikuwa moto kama sufuria, macho yamegeuka juu, taya limekaza. Povu lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo.

"Degedege limemshika lini?"

"Mara ya kwanza jua likiwa bado la upole. Halafu tena. Sasa naona ametulia, amelala."

Hakuwa amelala.

Sista alimbeba mpaka ndani, akamlaza mezani. Akamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, nayo ilikuwa kali. Akatafuta mshipa mkononi, akaukosa, akatafuta mguuni, akaupata. Sukari iliingia. Sindano ya malaria ikaingia. Redio alishika taa bila kuambiwa, ufagio ameutupa. Mkaguzi alisimama mlangoni na koti la watu mkononi, hajui aliweke wapi.

Mtoto alivuta pumzi. Akavuta nyingine, ndefu. Sista akasubiri ifuate.

Haikufuata. Alimfunika pua na mdomo kwa kile kibofu cha kupulizia hewa, akabana, akaachia, akabana. Alimbonyeza kifua kwa vidole. Alimwita kwa jina lake, maana alilijua, watoto wa pale wote wamepita mikononi mwake. Aliendelea muda mrefu baada ya kujua. Redio ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Sista, mwache apumzike."

Nilikuwa nimejiapiza sitaandika hili. Wiki mbili nimelizunguka nikitafuta njia nyingine, sikuipata.

Bibi hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaomba apewe mtoto, akapewa. Akawa anamweka sawa nguo, anamfunga kifungo kilichofunguka.

"Mama," mkaguzi akamwambia kwa upole, "kwa nini hukuita? Kwa nini hukugonga dirisha?"

"Koti lilikuwepo, baba. Na huyu mama akaniambia Sista yuko ndani." Alimtazama Redio bila chuki yoyote. "Mwanangu usiku aliondoka na jirani kuja kujifungua hapa. Mimi nikabaki na huyu. Kulipopambazuka nikaona amechemka mwili, nikasema nimlete, na mama yake si yuko hukohuko. Nikaliona koti. Nikasema basi, Sista yuko ndani anahangaika na mwanangu, uzazi umekuwa mgumu. Nisiwavuruge. Nikawa nambembeleza huyu asilie."

Sista alishika ukingo wa meza.

"Ningeona dirisha tupu ningevuka bonde," bibi akaendelea. "Nguvu nilikuwa nazo. Mwanangu je, amejifungua?"

Sista sasa alikuwa amelisikia lile swali la kule nje. Kwa haraka ile yote hakuwa ameunganisha: mama aliyempigia magoti njia nzima, yule wa mkono, ndiye mama wa huyu mtoto.

"Amejifungua, bibi. Hospitali kuu. Wote wazima."

"Alhamdulillahi," bibi akasema, akamtazama mjukuu wake, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mkaguzi akamwashiria Sista. Wakatoka kibarazani. Uso wa yule bwana ulikuwa umeshuka, na kijasho chembamba kinamtiririka chini ya masikio.

"Sikiliza, dada. Huyu bibi amefika sasa hivi. Ulipokuwa unashuka kwenye gari, na yeye anaingia. Alichelewa kutoka nyumbani. Ulifanya uliloweza. Mimi nitasema hivyo, na mhudumu atasema hivyo."

"Siyo kweli."

"Najua siyo kweli. Ukisema ukweli, miaka yako inarudi mwanzo na mama yako analala nje. Mtoto hatarudi kwa hilo."

"Na wewe unapata nini?"

Mkaguzi akatazama kile kiti alichokalia asubuhi yote.

"Nilikuwepo hapa alipokuja kuuliza," akasema. "Nilimwona, na mtoto mgongoni. Nilijua haupo, choo kile nilikichungulia mapema. Nilikuwa nataka nikukamate tu. Ningesema neno moja, mama, nesi hayupo, nenda kwingine. Na gari ninalo lile pale." Akajifuta uso kwa tai. "Nina watoto na mimi."

Sista alimtazama. Alitamani kumchukia, hakuweza, maana waliokuwa na kesi siku hiyo walikuwa watatu, na wa kwanza alikuwa yeye Sista.

Redio akatokea, macho mekundu.

"Kubali, Sista. Nimesikia yote, nimeshaongea na bibi. Amekubali."

"Umeongea na nani?"

Bibi alikuwa nyuma yake, mtoto kifuani.

"Kama itakusaidia, nimefika sasa hivi," bibi akasema. "Wewe ndiye uliyemzalisha huyu. Usiku wa mvua, hapa hapa. Sijasahau."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Sista akaona X, akaona chokaa, akamwona mama yake na magodoro barabarani, majirani wanatazama. Akanyamaza. Na kunyamaza kwake mkaguzi akakuchukua kuwa ni kukubali.

"Basi tumemaliza," akasema, akaufunga mkoba wake. "Mwisho wa mwezi watakuletea barua ya kulipiwa. Mungu atusamehe."

Akalitundika lile koti kwenye msumari wa mlangoni, akashuka ngazi.

Simu ikaita.

Ilikuwa pale pale kwenye ukuta wa kibaraza, na Sista alipoipokea hakukumbuka kuwa aliiacha kwenye sauti kubwa.

"Sista? Ni mimi." Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ina uchangamfu. "Wameniambia hukuniachia mkono mpaka mlangoni. Nitakulipa nini mimi."

"Pumzika, mama. Usiongee sana."

"Nimepata wa kiume. Kanene, huwezi kuamini kalivyonisumbua. Sista, nakuuliza. Mama yangu hajafika hapo? Nilimwachia mtoto, jana jioni alikuwa na joto joto. Nikamwambia likizidi, asubuhi na mapema amlete kwako. Amefika saa ngapi?"

Mkaguzi alikuwa amesimama kando ya gari, funguo mkononi. Aligeuka. Midomo yake ilitamka bila sauti: sasa hivi. Redio alifumba macho. Bibi alijiziba mdomo na ncha ya shuka ili kilio kisifike kwenye simu.

Nyumba ya mama yake ilikuwa kwenye jibu hilo, na Sista alilijua hilo kuliko mimi na wewe. Mkaguzi akisikia neno lenyewe likitoka kwake, mbele ya mama wa mtoto, hana tena pa kulificha.

"Amefika asubuhi," Sista akasema. "Mimi sikuwepo. Nililiacha koti dirishani makusudi, nikijua siko karibu. Akalikuta, akasubiri."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Akaufungua tena mkoba wake, pale pale juu ya boneti ya gari, na safari hii akaandika. Kwisha. Miaka ikawa imerudi mwanzo.

Kule hospitali, kichanga kilisikika kikilia karibu na simu. Yule mama hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Sawa tu, Sista, si ulikuwa na mimi? Yeye ni mvumilivu, hukaa na bibi yake hata siku nzima. Nipe basi niongee naye. Mwekee simu sikioni, anaijua sauti yangu."